Roketi ya Mapezi Matatu

Filister Amondi alinunua printa kwa kudanganyika, na hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo. Wakati huo alikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na kituo cha Olympic, Kibera. Derrick, rafiki wa mwanawe, alikuja mbio kumwambia kuna karakana ya vijana imefungwa baada ya mfadhili kwenda zake, na wanatoa printa kwa bei ya kutupa. Filister akafikiri ni ya karatasi. Alipofungua gunia akakuta fremu ya chuma yenye mikanda na kimdomo cha shaba, ya kuyeyusha plastiki na kujenga vitu tabaka kwa tabaka, isiyo na mahali pa kuweka karatasi hata moja, aliketi juu ya ndoo akacheka mpaka akashika mbavu. Brandon, mwanawe wa pekee, hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya ile mashine akiigusa gusa, na jioni hiyo hakukumbuka chakula.

Hiyo ni zamani kidogo. Kibanda cha fotokopi kilikufa polepole, watu walipoanza kumaliza kila shughuli kwenye simu zao. Brandon alipata kazi Doha, ya kulinda jengo la maduka, akaondoka na begi moja na ahadi nyingi. Filister aliihamisha printa akaiweka kwenye meza kando ya kitanda, katika chumba chake cha mabati kule Sarang'ombe. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumfundisha, alijifundisha mwenyewe kwa video za simu, akiharibu uzi wa plastiki na kuigombeza mashine kwa Kijaluo ilipokaidi. Alipoizoea akaanza kuchapa vitu ambavyo watu wa mtaa hawakuvipata kwingine: kitufe cha kuwashia jiko la gesi, gia ya blenda, kishikio cha mlango wa friji. Mteja aliacha kilichovunjika, akaenda zake, akarudi kesho yake kuchukua kipya. Kazi yenyewe huchukua saa nyingi na hakuna aliyekaa kusubiri.

Jambo moja nitalisema mimi, kwa kuwa yeye hangekubali kulisema. Siku ambazo hapakuwa na mteja, Filister aliiwasha printa hivyo hivyo. Wengine huwasha redio. Yeye alichapa kijisanduku kisicho na kazi yoyote, ilimradi mashine ivume na kitu fulani kiende huku na kule chumbani. Chini ya meza palikuwa na ndoo iliyojaa vijisanduku hivyo. Mama Kevin wa mlango wa pili aliwahi kuuliza ni vya nini, akaambiwa ni vya kujaribia rangi. Mama Kevin si mtu wa kuamini haraka, lakini mtu mzima akikudanganya kwa adabu humfuatilii, naye akaliacha hivyo.

Na Brandon alipiga simu, tusimwonee. Alipiga kila Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Lakini mazungumzo yao yalikuwa yamekonda mwaka baada ya mwaka. Uko sawa, mathe? Niko sawa. Umekula? Nimekula, na wewe? Nimekula. Kisha wote wawili walisikiliza kimya cha laini, kila mmoja akiona haya kukata kwanza, hadi mmoja aliposingizia chaji. Huyu ni mtoto ambaye Filister alimlea peke yake tangu baba yake alipofariki, na udogoni hakuwa mtu wa kunyamaza hata kidogo. Alihesabu kila kitu kwa sauti: ngazi, vifungo vya mashati ya wageni, kunguru kwenye waya wa stima. Sasa mama yake alitamani jambo moja tu, amsikie akiongea tena mfululizo kama zamani.

Siku moja mvua ilinyesha paa likavuja, akavuta kila kitu kilichokuwa chini ya kitanda, na ndani ya gunia akaikuta roketi.

Alikuwa ameisahau kabisa. Brandon alikuwa kwenye klabu ya roketi ndogo, zile zinazopaa juu ya miti kwa injini ya ukubwa wa kidole na kurudi chini kwa parachuti, na hii aliianza muda mfupi kabla ya kusafiri. Bomba la karatasi ngumu lilikuwa tayari, kichwa chenye ncha kilikuwa tayari, parachuti ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha mwavuli mbovu. Kilichokosekana ni mapezi ya mkiani. Pale yalipopaswa kubandikwa palikuwa na mistari mitatu ya penseli, imenyooka vizuri, imepigwa kwa rula. Filister aliipangusa vumbi, akaiweka mapajani, na wazo likamjia likiwa zima: angeimalizia. Akiimalizia, wangekuwa na kitu cha kuzungumzia.

Klabu bado ilikutana Jumamosi, katika ukumbi mmoja Olympic, chini ya mwalimu wa fizikia aitwaye Kavoi. Filister alijitokeza pale na roketi yake ndani ya leso, katikati ya vijana ambao wengi hawakumfikia hata mwanawe kwa umri. Walimpisha kiti. Kavoi, mtu mpole anayezungumza huku akitazama mikono yake, alimweleza kwamba roketi isiyo na mapezi huanza kupinduka mara tu inapoiacha fimbo inayoishikilia chini. Ikiwa nayo, hewa huukamata mkia na kuuweka nyuma, na kichwa kikabaki mbele. Ukubwa una maana, unene una maana, na lazima yote yasimame sawa. Yakiwa matatu itapaa, alisema, na yakiwa manne itapaa, ila matatu ni mepesi kidogo. Mkutano ulipoisha vijana walitoka kwa kundi kwenda kula smokie na mayai barabarani, wakipiga kelele, naye akatembea na roketi yake kurudi nyumbani. Hawakuwa na ubaya wowote, ni vile tu hawakumfikiria.

Kuchora pezi kwenye kompyuta si kazi ya kumtisha mtu. Kulichapa likafaa ndiko kulikomtoa jasho. Yale ya kwanza aliyachapa yakiwa yamesimama, kwa sababu yalipendeza kutazama, na alipoyajaribu kwa kidole gumba yakakatika shinani kama biskuti, kwa kuwa plastiki hushikana vibaya pale tabaka moja linapokalia lingine. Akachapa mengine, safari hii yamelala. Hayo yalitoka imara. Akayapiga msasa kingo mpaka zikawa nyembamba, akayapanga kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, akaenda kwa Mama Kevin kuazima gundi.

Ilikuwa Januari. Mabati ya chumba kile mchana hayashikiki, na plastiki ile hutengenezwa kwa mahindi, basi hulegea mapema. Aliporudi, mapezi yote yalikuwa yamejikunja kama sukuma wiki iliyosahauliwa juani. Mama Kevin, aliyekuwa amemfuata kuona hiyo gundi inaenda kubandika nini, aliposikia habari ya mahindi aliuliza kama yanaweza kusagwa tena yakapikwa ugali. Filister akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha jirani akaenda zake na chumba kikarudia hali yake. Mapezi yaliyofuata aliyaweka sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye baridi kuliko pengine pote mle ndani.

Sasa tunafika kwenye kosa, na ni kosa la mama mtu kabisa. Kwa Wajaluo mtoto mchanga hatolewi nje kwa kubahatisha. Wa kike hutolewa siku ya tatu, wa kiume siku ya nne, aonyeshwe jua, na tangu hapo anahesabiwa miongoni mwa watu. Filister alimtoa Brandon siku ya nne. Haikuwa kijijini, ilikuwa kwenye korido ya ploti hapa hapa Kibera, kati ya kamba za nguo, na majirani wa makabila yote walitoka na vikombe vyao vya chai kutazama. Alimsimulia mwanawe habari hiyo mara nyingi mno, hadi kijana akawa anaimalizia mwenyewe. Tatu ni hesabu ya msichana, nne ni ya mvulana, na roketi hii ilikuwa ya mwanawe. Filister aliitazama ile mistari mitatu akaona kijana alighafilika, pengine kwa haraka za safari. Akaifuta kwa msasa. Akazungusha ukanda wa karatasi kwenye bomba, akaukunja mara mbili apate sehemu nne, akapiga mistari yake mwenyewe na kubandika mapezi manne mekundu, kisha akalipaka bomba rangi. Alifurahi sana na kazi ya mikono yake.

Aliipiga picha mlangoni, penye mwanga mzuri, akaituma Doha. Simu ikalia kabla hajaingia ndani. Haikuwa Jumapili.

"Mathe, hiyo uliipata wapi?" Brandon aliuliza.

Akamweleza kwa furaha yote, mvua, gunia, klabu, jua la Januari na ugali wa Mama Kevin. Aliisimulia vizuri, maana alikuwa ameifanyia mazoezi. Brandon hakucheka.

"Mbona ziko nne?"

"Si wewe ni kijana? Nilikutoa siku ya nne."

"Mimi niliweka tatu."

"Niliona. Nikadhani umekosea."

 Nyuma ya Brandon zilisikika nyayo za watu wengi kwenye sakafu ngumu, watu wenye haraka zao.

"Sikukosea, mathe," akasema. "Hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya msichana."

Ndipo akaongea. Aliongea mfululizo, kama mama yake alivyotamani kumsikia, na karibu kila neno lilimchoma. Kulikuwa na msichana wa mtaa wa Gatina aitwaye Mitchelle, binti wa fundi wa mawe kutoka Bungoma, mzee Nalianya. Mitchelle alipopata mimba, mzee hakutaka hata kumsikia kijana asiye na kazi. Alimpeleka bintiye kwa nyanya yake Bungoma na kumnyang'anya simu. Ni Derrick aliyepenyeza habari kwamba mtoto amezaliwa na ni wa kike, na zaidi ya hapo hakuna aliyeambiwa kitu. Brandon alikuwa amekusudia kupata kazi kwanza, aende kwa mzee kama mwanaume, kisha ndipo amletee mama yake habari iliyokamilika. Kazi ilipopatikana ilikuwa Doha. Baadaye akasikia Mitchelle ameolewa na seremala mmoja wa huko huko Gatina, Phanuel, na kwamba huyo Phanuel amemchukua mtoto akamfanya wake. Akanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea.

"Siku ya tatu nilikuwa hapo kwako," alisema. "Ulikuwa unapika omena. Nilijua huko Bungoma hakuna mtu wa kumtoa vile sisi hutoa watoto. Nikaona nitamtengenezea kitu kitoke nje badala yake. Nikapiga hiyo mistari hapo kitandani, na wewe ukaniambia niache kuchezea penseli nikule."

Filister alijaribu kuikumbuka siku hiyo akashindwa. Ilikuwa siku kama nyingine. Aliuliza mtoto anaitwa nani.

"Sijui," Brandon alisema. "Sijawahi kuambiwa."

Simu ilipokatika alikaa kitandani, mahali pale pale, roketi ya mapezi manne ikiwa magotini. Upweke wake aliujua vizuri, alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Kilichomuuma sasa ni kwamba katika chumba hiki kidogo, ambamo huwezi kunyoosha mkono bila kumgusa mwenzako, mwanawe aliwahi kuwa mpweke kuliko yeye, na yeye alikuwa akikoroga sufuria. Alilia, na hakujificha, kwa kuwa hapakuwa na wa kumficha.

Alikaa na habari hiyo siku kadhaa. Kisha akavaa gauni la kanisani, akapanda boda boda hadi Gatina, akamwulizia Mitchelle mke wa seremala, akaelekezwa kwenye saluni yake. Ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, nguo za wapangaji zikining'inia juu yake. Ndani alikuwemo Mitchelle peke yake, mwanamke mnene kidogo, mwenye vidole vyepesi, redio ya nyimbo za kanisa ikilia taratibu. Filister aliketi akasema anataka matuta tu, ya kawaida. Alisubiri hadi nusu ya kichwa ilipokwisha sukwa.

"Mimi ni mama yake Brandon," akasema.

Vidole vilisimama, kisha vikaendelea. "Nilikujua ukiingia," Mitchelle alisema. "Alikuwa na picha yako kwa simu."

"Sikuja kuchukua mtu."

"Hakuna mtu wa kuchukua, Mama Brandon. Ako na baba yake."

Hakusema kwa hasira. Alieleza huku akisuka, na Filister, kichwa kikiwa kimeshikwa, hakuweza kugeuka kumwona uso. Phanuel ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali mtoto alipougua kifua. Phanuel ndiye mwenye jina lake kwenye karatasi za shule. Mtoto hamjui baba mwingine, na siku ya kumwambia itakapofika, atakayemwambia ni mama yake.  Filister aliomba kitu kimoja tu, jina.

"Jina nikikupa, utaliita," Mitchelle alisema.

Lilimuuma hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Basi akamweleza habari za roketi, mistari ya penseli, na jinsi alivyoifuta kwa ujinga wake. Mitchelle hakuwa akijua lolote. Safari hii vidole vilisimama kwa muda mrefu.

"Aliichora siku hiyo yenyewe?"

"Siku ya tatu."

Mitchelle alimaliza tuta lililobaki, akalifunga mwisho wake, akapaka mafuta. Alichukua kioo kidogo akakishika nyuma ya kichwa cha Filister, kama anavyomfanyia kila mteja, na wakaangaliana humo kwenye kioo. Akasema shule ya mtoto ina uwanja, pale nyuma ya kanisa. Kama hao watu wa roketi wangetaka kuja kuwaonyesha watoto wote, yeye hangekataza. Lakini Filister asimwambie mtoto ni nani, wala kwa neno wala kwa kumkumbatia. Aape. Filister akaapa upesi, akihofia ruhusa hiyo isije ikabadilishwa. Alichokuwa akikitaka sasa kilikuwa kidogo, na kilikuwa kikubwa kuliko chochote alichowahi kukitaka: amwone huyo mtoto mara moja, na afunge mdomo wake.

Alimwambia Kavoi kwamba ana mtu wake katika shule moja ya Gatina, na Kavoi, ambaye hakuwa mdadisi, alizungumza na mwalimu mkuu na kuomba ruhusa zote zinazoombwa. Ilibaki roketi. Kuyang'oa mapezi manne kulimtesa Filister kuliko kuyatengeneza. Alipasha kisu moto, akayakata shinani moja moja, na karatasi ya bomba ikachunika pale gundi iliposhika sana. Akaitia viraka. Kisha akazungusha ukanda wa karatasi tena. Kukunja sehemu nne hata mtoto anaweza, unakunja na kukunja tena. Kukunja sehemu tatu zilizo sawa kunataka subira, unasogeza hapa na pale panakataa. Akiwa katika kusogeza huko akaona, chini ya rangi iliyobanduka, kwamba msasa wake haukuwa umemaliza kazi. Mstari mmoja wa Brandon ulikuwa bado upo, hafifu. Akaanzia hapo.

Akachapa mapezi mapya matatu, ya manjano. Stima ilipopotea katikati ya la tatu, hakuliendeleza palipokatika kama anavyofanya kwa vitufe vya wateja. Alilitupa kwenye ndoo, pamoja na vijisanduku, akangoja stima irudi, akaanza upya.

Siku ya kurusha, watoto waliketi vumbini kwa mistari, sweta zao za rangi ya damu ya mzee zikiwa zimepauka mabegani. Filister alipitisha macho usoni mwa kila msichana wa umri wa mjukuu wake. Walikuwa wengi, na kila mmoja angeweza kuwa ndiye. Mitchelle alikuwa amesimama langoni pamoja na akina mama wengine, mikono kifuani, na hakumpa ishara yoyote. Roketi zilipangwa juu ya dawati refu, kila moja na mwenyewe nyuma yake, na mwalimu akawapitisha watoto darasa baada ya darasa wakaangalie bila kugusa. Wakapita. Wengi waliiangalia ile kubwa ya Kavoi. Wengine walimsalimia Filister, shosho hujambo, vile watoto wa Nairobi humsalimia kila mwanamke wa umri wake, akajibu na kuwatazama mpaka macho yakachoka.

Kisha msichana mmoja mdogo, kamba za kiatu zikiburura, akasimama mbele yake akanyoosha kidole bila kugusa.

"Moja, mbili, tatu," akahesabu kwa sauti. Akarudi kwa roketi ya jirani, akahesabu hadi nne, kisha kwa ile nyingine, nne. Akarejea. "Zingine zote ziko nne. Mbona hii ni tatu?"

Filister hakuhitaji kuambiwa. Aliinua macho langoni hata hivyo, akamwona Mitchelle ametazama chini.

"Hii ni ya msichana," akasema. Sauti ilimtoka vizuri, alishangaa mwenyewe.

"Msichana gani?"

"Msichana mmoja hivi."

"Anaitwa nani?"

Mikono ilitaka kwenda, akashika kingo za dawati. Alikuwa ameapa. Na katika mambo yote ambayo angeweza kumjibu mtoto huyo, lililobaki la kweli lilikuwa moja.

"Sijui jina lake," akasema. "Sijawahi kuambiwa."

Mtoto akamtazama kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyepoteza nauli. "Mimi naitwa Lavender," akasema, akimwazima lake. Kisha mwalimu akaisukuma mistari mbele, naye akaenda, akihesabu roketi zilizobaki.

Roketi ya Filister ilirushwa mwisho. Kwa kawaida ya klabu mwenye roketi hubonyeza mwenyewe kitufe cha kuwashia, naye akabonyeza. Ilitoka kwenye fimbo ikapanda moja kwa moja, haikuyumba, haikuzunguka, watoto wakiifuata kwa vichwa mpaka ikawa nukta. Kisha kile kitambaa cha mwavuli kikafunguka kule juu na uwanja mzima ukapiga kelele. Ilitua kwenye mawe kando ya ukuta na pezi moja likavunjika, ambalo ni jambo la kawaida. Filister alipokwenda kuiokota, watoto walikuwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Mitchelle alimfunga bintiye kamba za viatu, akamshika mkono, wakatoka langoni. Hakugeuka nyuma, na Filister hakumlaumu. Alisimama pale na roketi yake mpaka sweta zote zikaishia barabarani.

Nje ya lango aliketi kwenye jiwe akapiga Doha. Haikuwa Jumapili, lakini alikuwa amemwarifu siku ya kurusha, na Brandon alishika simu upesi.

"Imepaa?"

"Imepaa. Imenyooka."

"Ikiwa na tatu?"

"Ikiwa na tatu." Akailaza roketi mapajani. "Brandon, anaitwa Lavender."

Nyayo za watu zilipita nyuma yake, kule kwenye sakafu ngumu, zikapita nyingine.

"Rudia, mathe."

"Lavender," akasema.

Kimya kikaingia kwenye laini. Wakakisikiliza wote wawili, muda mrefu, na hakuna aliyesingizia chaji.